Nguvu ya Msuli na Nguvu ya Neno: Ugumu wa Kanuni katika Michezo ya Mezani ya Mashujaa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulinganisha ugumu wa kanuni katika michezo minne ya mezani inayohusu mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Michezo yenyewe ni Champions (1981), Marvel Super Heroes (1984), DC Heroes (1985) na Masks (2016). Yote imetungwa Marekani na kuandikwa kwa Kiingereza, na msomaji ana haki ya kuuliza imefikaje katika jarida la lugha za Kiafrika.

Imefika kwa sababu kiini chake ni maneno. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye tutamwita mwendeshaji, huwaeleza wenzake mahali walipo na mambo yanayowakabili. Kila mmoja wa waliosalia hushika nafasi ya mhusika mmoja, akasema mhusika huyo anatenda nini. Linapozuka jambo ambalo mwisho wake haujulikani, dadu hurushwa, kanuni zikatazamwa, hadithi ikaendelea. Kinachozaliwa ni masimulizi yanayotungwa papo kwa papo, na hadhira yake ndiyo hiyo hiyo inayoyatunga. Mtafiti wa fasihi simulizi anayetoka mjini Machakos kwenda Mwala au Kangundo kurekodi ngano za Wakamba hukuta kwamba msimulizi anazo kanuni, ila hakuna aliyemwandikia. Michezo hii imeziandika kanuni za usimulizi, imezitia hesabu, na imezichapisha. Hilo peke yake latosha kuifanya istahili uhakiki.

Aghalabu wachezaji huipanga michezo hii kwa kipimo kimoja tu, yaani mchezo mwepesi na mchezo mzito. Champions husemwa kuwa mzito na Masks husemwa kuwa mwepesi, na mjadala hukomea hapo. Hoja yetu ni kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kabla ya kuuliza kanuni ni ngapi, yafaa kuuliza mchezo umechagua kuwa makini juu ya jambo gani, na jambo gani umeliachia ukimya. Ili kulijibu swali hilo tutaitahini michezo hii kwa mashujaa wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa Machakos.

2. Mashujaa wa mtihani

Fumo Liyongo hahitaji kutambulishwa kwa urefu. Masimulizi yake ni ya kale katika pwani ya kaskazini ya Kenya, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliyatungia utenzi mwaka 1913. Tutachukua matukio mawili tu. La kwanza ni kikoa cha makoma. Kila mwenye zamu alitakiwa kuukwea mkoma na kuwaangushia wenzake matunda, na maadui zake walikuwa wamekubaliana kumpiga mishale pindi atakapokuwa juu. Zamu yake ilipowadia, Liyongo hakukwea. Alitwaa upinde akayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa amesimama chini. Tukio la pili ni mauti yake. Mtawala wa Pate alimrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi za ndoa na cheo, kijana akamwuliza baba siri ya uhai wake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini.

Shujaa wa pili ni wa historia, wala hana muujiza wowote. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa wilaya ya Machakos kupunguza mifugo yao, kwa hoja kwamba ng'ombe wamezidi na udongo unamomonyoka. Mwaka uo huo kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama huko Athi River, na wenye ng'ombe hawakushindwa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Maelfu ya watu waliyaacha makazi yao wakaenda Nairobi kudai kuonana na Gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu, aliyekuwa msemaji wao mkuu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo ulazimishaji ule haukuendelea, na leo moja ya barabara kuu za Nairobi inaitwa kwa jina lake.

Ni sadfa ya kutafakariwa kwamba mtu wa Machakos aliadhibiwa kwa kupelekwa katika visiwa vile vile ambako utenzi wa Liyongo ulitungwa. Wote wawili walifungwa na watawala waliowaogopa. Lakini cha kuogopwa hakikuwa kimoja. Liyongo aliogopwa kwa umbo lake, nguvu zake na ushairi wake. Muindi Mbingu aliogopwa kwa kuwa aliposema watu waliondoka. Mchezo unaodai kuwa wa mashujaa yapasa uweze kuwabeba wote wawili.

3. Kanuni za kuhesabu: Champions

Champions haikuwa ya kwanza. Superhero: 2044 ya Donald Saxman ilitangulia mwaka 1977, na Villains & Vigilantes ya Jeff Dee na Jack Herman ikafuata mwaka 1979. Lakini George MacDonald na Steve Peterson, watunzi wa Champions, walimwondolea shujaa bahati ya dadu wakati wa kuumbwa kwake. Katika mchezo wao mchezaji hupewa alama 100, naye hununua kwa alama hizo kila alicho nacho mhusika wake, kuanzia nguvu za mikono hadi uwezo wa kuruka angani. Akitaka alama zaidi, hukubali udhaifu, ama adui anayemwinda, ama mama mzee anayemtegemea. Bei ya uwezo huzidishwa ukiongezewa sifa, na hugawanywa ukipunguziwa. Asiyejua sehemu za hesabu hawezi kumwumba shujaa bila msaada.

Ugumu huo haukomei katika uumbaji. Tuchukue mshale mmoja wa Liyongo. Kwanza hutazamwa kama zamu yake imefika, kwa kuwa sekunde 12 za mapigano zimegawanywa vipande 12, na kila mhusika ana vipande vyake kwa kadiri ya wepesi wake. Pili hutafutwa uwezo wake wa kushambulia, ukapunguzwa kwa sababu ya umbali na udogo wa shabaha. Tatu hujumlishwa 11 na uwezo huo, kisha hutolewa uwezo wa shabaha wa kukwepa. Nne hurushwa dadu tatu, na jumla yake isizidi hesabu iliyopatikana. Tano hurushwa dadu za dhara, nazo huhesabiwa mara mbili kwa njia mbili, mara ya kwanza kwa mshtuko na mara ya pili kwa jeraha. Sita hutolewa kinga ya aliyepigwa. Hizo ni hatua sita, nazo ni kwa koma moja tu.

Ni rahisi kucheka, lakini tuwe waadilifu. Wingi huu wa kanuni una kazi njema. Mchezaji mnyonge, asiye na ufasaha wa kumshawishi mwendeshaji, hupata haki yake kwa sababu imeandikwa. Bei ni moja kwa wote. Katika mchezo usio na kanuni, mwenye ulimi mwepesi ndiye hupata kila kitu, kama ambavyo katika baraza baya mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Huo ndio ubora wa Champions, na wahakiki wanaoipuuza kwa hesabu zake hawajaugusa.

Kasoro yake ipo kwingine. Tukimwandika Liyongo kwa kanuni hizi, siri ya kitovu chake inakuwa udhaifu unaolipwa, na malipo hutegemea ni mara ngapi udhaifu huo utakutwa. Sindano ya shaba ni silaha adimu, basi italipa alama chache, na mchezaji hodari wa biashara ataona kwamba haina faida. Katika masimulizi, udhaifu huo hauna bei. Ni siri ambayo mtu anaweza kuitoa kwa mwanawe tu, na uchungu wa hadithi umo katika kumwamini yule asiyefaa kuaminiwa. Kanuni imeigeuza ajali ya mja kuwa sarafu, tena imeiandika juu ya karatasi kabla ya hadithi kuanza.

Na Muindi Mbingu? Kanuni za Champions zinalo jedwali dogo la athari ya haiba ya mtu mbele ya hadhira. Dadu hurushwa, hulinganishwa na uimara wa wasikilizaji, na matokeo huwa kusita, kutishika au kustaajabu, kwa kawaida kwa muda mfupi katikati ya mapigano. Kurasa nyingi za kupiga, jedwali moja la kusema. Kukaa Nairobi wiki kadhaa kwa ajili ya neno la mtu mmoja hakumo.

4. Kanuni za kutaja: Marvel Super Heroes

Jeff Grubb alikwenda njia nyingine. Katika Marvel Super Heroes kila uwezo wa mhusika haupewi tarakimu kwanza, bali hupewa neno la sifa. Daraja ni kumi, kuanzia neno lenye maana ya dhaifu, kupitia maskini, wa kawaida na mwema, hadi neno lenye maana ya kitu kisicho cha dunia hii. Kila daraja lina kima chake, yaani 2, 4, 6, 10, 20, 30, 40, 50, 75 na 100, lakini mezani watu hutaja neno. Kwa mshale wa Liyongo hatua ni tatu: hutafutwa safu ya daraja lake katika jedwali moja linalotumika kwa mambo yote, hurushwa dadu za asilimia, husomwa rangi. Nyeupe ni kushindwa, na kijani, manjano na nyekundu ni kufaulu kwa viwango vinavyopanda.

Kwa mwanaisimu huu ndio mchezo wenye maswali mengi zaidi. Wepesi wake unategemea kwamba msemaji wa Kiingereza anakubali kuwa sifa fulani ya kustaajabisha ni ndogo kuliko sifa nyingine ya kustaajabisha. Kwa kweli lugha yenyewe haisemi hivyo, ni mtunzi aliyeamua. Kwa hiyo ugumu haukuondolewa, umehamishwa kutoka katika hesabu ukatiwa katika kumbukumbu.

Tukijaribu kuijenga ngazi hiyo kwa Kiswahili, shida hudhihirika mara moja. Vivumishi vyetu halisi ni vichache. Daraja za juu zitalazimika kuundwa kwa viunganishi: wa ajabu, wa kutisha, wa kupindukia. Hakuna msemaji atakayejua bila kuambiwa kama wa ajabu humzidi wa kutisha. Kiswahili kinapotaka kupima ukubwa, mara nyingi hakitafuti kivumishi, hubadilisha ngeli. Tunacho kijitu, tunaye mtu, tunalo jitu. Ngazi hii haihitaji kukaririwa, mtoto huijua kabla ya kwenda shule. Lakini haiwezi kuwa ngazi ya vipimo vitupu, kwani ngeli ya ukubwa hubeba woga au dharau, na ngeli ya udogo hubeba mapenzi au kejeli. Anayemwita Liyongo jitu ameonyesha yuko upande gani. Mtu mmoja angekuwa jitu kwa watu wa Pate na mtu kwa mama yake. Hapa kanuni ya mchezo ingejifunza kitu kutoka katika sarufi, kwamba kipimo cha shujaa hutegemea anayempima.

Jambo moja la Marvel linastahili sifa. Shujaa hukusanya akiba ya wema kwa matendo yake mema, akaitumia kujiokoa katika shida, na akiua mtu hupoteza akiba yote. Ni kanuni fupi, nayo ina uzito wa kimaadili kuliko kurasa nyingi za Champions. Vilevile upo uwezo unaopima umaarufu wa mhusika. Hata hivyo umaarufu huo ni mali yake binafsi. Muindi Mbingu angeandikiwa kwamba anajulikana sana, basi.

5. Kipimo kimoja kwa mwili, akili na roho: DC Heroes

Mchezo wa Greg Gorden huogopwa kwa meza zake mbili za tarakimu na kwa kipimo chake cha kuongezeka maradufu: kila kizio kimoja ni mara mbili ya kilichotangulia. Uzito, umbali, muda na hata habari hupimwa kwa kizio hicho hicho, hata mtu akiondoa kizio cha uzito wa jiwe katika kizio cha nguvu za mrushaji hupata umbali ambao jiwe litafika. Mshale wa Liyongo huchukua hatua nne au tano, kwani hurushwa dadu mbili zenye pande kumi, zikifanana hurushwa tena na kujumlishwa, kisha huja jedwali la kufaulu na jedwali la kiasi cha kufaulu.

Kwa kipimo cha kawaida, basi, huu ni mchezo mzito. Lakini tazama ulivyopangwa. Mhusika ana sifa tisa, safu tatu zenye sifa tatu tatu. Safu ya kwanza ni ya mwili, ya pili ni ya akili, ya tatu ni ya roho na haiba. Katika kila safu imo sifa ya kutendea, sifa ya kuathiri na sifa ya kustahimili. Matokeo yake ni kwamba kumshawishi mtu hufuata njia ile ile ya kumpiga ngumi, kwa meza zile zile na kwa umakini ule ule. Anayehutubia ana cha kutendea na cha kuathiri. Anayesikiliza ana cha kustahimili. Mchezaji akishajifunza kupigana, amekwisha kujifunza kusema.

Huu ndio mchezo pekee kati ya minne ambao ndani yake Muindi Mbingu angeweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe mbele ya Gavana, na kanuni zikawa na la kusema. Ni wa hesabu nyingi, lakini hesabu zake hazikubagua. Hapa hoja yetu ya awali inapata ushahidi. Mchezo mzito umembeba shujaa wa neno, na mchezo mwepesi wa Marvel haukumbeba.

6. Kijana na kauli za wakubwa: Masks

Masks, uliotungwa na Brendan Conway, unahusu mashujaa vijana. Hesabu zake ni chache mno: dadu mbili, jumla yake pamoja na sifa moja, na 10 au zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. Sifa zenyewe ni tano, nazo hazipimi msuli hata kidogo. Hupima jinsi kijana anavyojiona: je, ni hatari, ni kioja, ni mwokozi, ni bora kuliko wenzake, ama ni mtu wa kawaida? Na sifa hizo hubadilika mtu mwenye ushawishi juu yake anapomwambia yeye ni nani. Watu wazima wana ushawishi huo tangu mwanzo. Kijana aweza kukataa kauli yao, lakini kwa kurusha dadu na kwa hatari ya kuumia.

Wachezaji huuita mchezo mwepesi. Kwa maoni yetu ni mwepesi wa mkono na mzito wa moyo. Mshale wa Liyongo hauna maana ndani yake, kwani mchezo haujali umbali wala shabaha. Lakini turudi kwenye lile tukio la pili. Mtawala wa Pate amwambia kijana kwamba atakuwa mkwe wa mfalme na mtu mkubwa. Baba hajui kitu, yu amelala. Katika kanuni za Champions na Marvel, mwana wa Liyongo si mtu wa kuchezwa; ni chombo kinachobeba sindano. Katika Masks yeye ndiye mhusika mkuu, na neno la mtawala ni pigo linalohesabiwa. Mchezo huu umetuonyesha jambo ambalo wahakiki wengi wa Liyongo tumelipita upesi, kwamba msiba ule una mashujaa wawili, na mmoja wao alishindwa kabla ya kuinua mkono.

Upungufu wake ni kwamba umefungwa katika ujana. Mtu mzima anayewaongoza watu wazima wenzake hana nafasi.

7. Kigezo cha nyumbani

Huenda msomaji akadhani kwamba kanuni nzito ni tabia ya vitabu, na kwamba michezo yetu ni ya mdomo na kwa hiyo ni myepesi. Bao la Kiswahili lakanusha. Lina mashimo 32 na kete 64, lina awamu mbili, namua na mtaji, na kanuni zake humchosha mgeni hata baada ya miezi. Lakini watu wengi walilijua bila kusoma ukurasa mmoja. Sababu ni msamiati. Nyumba si shimo tu, ni shimo lenye haki zake. Kichwa na kimbi ni mahali, na papo hapo ni amri za wapi kete zianzie. Kutakasa ni kucheza wakati huna cha kula, na kitenzi hicho kimoja kimebeba masharti mengi. Anayejifunza maneno amejifunza mchezo. Hivi ndivyo kanuni ngumu hukaa kwa raha katika vichwa vya watu: hukaa ndani ya lugha.

Ndivyo ilivyo hata katika vitendawili. Anayeshindwa kutegua hutakiwa kutoa mji, na hakuna aliyekaa kumfafanulia mtoto kwamba hiyo ni kanuni ya malipo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba michezo minne imegawanyika si kwa wingi wa kanuni tu, bali kwa kitu kilichohesabiwa. Champions huhesabu msuli na kuulinda kwa haki ya bei. Marvel hutaja msuli kwa maneno na kuuwekea maadili. DC Heroes huupima msuli, akili na haiba kwa mizani moja. Masks huacha msuli na kupima kauli. Katika mtihani wetu, miwili ya mwisho imefaulu zaidi, nayo imesimama katika ncha mbili za ule uzito na wepesi unaozungumzwa kila siku. Hilo latosha kuonyesha kwamba kipimo hicho kilikuwa kibovu.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mchezo hata mmoja uliolifikia. Katika kikoa, ushindi wa Liyongo haukuwa katika shabaha. Ulikuwa katika kuufahamu mpango wa wenzake na kukataa kukwea. Kanuni zote nne hurusha dadu kwa ajili ya mshale au huunyamazia. Busara ya kutokwea zimemwachia mchezaji mwenyewe. Nadhani hapa zimefanya vyema. Lipo jambo ambalo kanuni yapasa kuliachia mtu.

Lakini umati uliotoka Machakos mwaka 1938 haufai kuachiwa. Vijana wetu wanaosoma Kiswahili wakitaka kucheza mashujaa wao kwa lugha yao, haitatosha kutafsiri istilahi za wageni na kubandika majina ya Liyongo na Mbingu juu ya karatasi za alama. Tutakuwa tumechukua uamuzi wa watu wengine juu ya kile kinachomfanya mtu kuwa shujaa. Yafaa kuanza upya kutoka katika ngeli, katika msamiati kama ule wa bao, na katika kanuni itakayompima shujaa kwa wale walio nyuma yake. Kanuni hiyo haitakuwa nyepesi. Basi tusiiogope kwa hilo, maadam watu waliolimudu bao bila kitabu hawatashindwa nayo.